Baba Ameinama

5 Machi

Daktari wa macho aliyepita hapa Baraka ameniambia nina presha ya jicho. La kulia limekwisha, la kushoto liko njiani. Kilichopotea hakirudi, amesema, dawa ni ya kuchelewesha tu. Kisha akaniambia niandike kidogo kila siku kwa mkono wangu, ili nijue mwenyewe herufi zinaanza lini kunikimbia.

Basi naandika. Mimi ni Riziki binti Salumu, mjane, muuza ndagala, dagaa wa ziwa hili. Majirani wanasema nina ulimi mkali, na hawakosei.

Mvua tangu alfajiri. Ndagala zimelala ndani na nyumba nzima inanuka.

6 Machi

Mvua. Dawa ya jicho inachoma kama pilipili.

9 Machi

Aline amefika, binti wa kaka yangu Uledi. Amevuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, akalowa mpaka soksi. Nilimjua kwa mwendo kabla sijaiona sura: mikono nyuma, kichwa juu. Uledi alitembea hivyo tangu utoto, ndiyo maana alijikwaa kila siku na vidole vyake vya miguu havikupona hata wiki moja.

"Shikamoo shangazi," akasema, na mimi nikalia pale pale mlangoni, mbele ya wapagazi.

Uledi alifariki mwaka jana huko Ubelgiji, akazikwa huko huko. Mtoto wa mvuvi wa Baraka alikwenda kusoma Lubumbashi, kutoka Lubumbashi akaenda Ulaya, na huko akawa profesa wa nyota. Alikuwa amekusudia kurudi. Vita vikaja, halafu vingine, halafu uzee. Alirudi mara moja tu, kumlilia mama.

Aline anasema Kiswahili cha ajabu. Anasema "kitoweo" na "jamvi", maneno ambayo watoto wa hapa wameshayatupa. Kwanza nilicheka. Baadaye nikaelewa kwamba hicho ni Kiswahili cha mama yetu, ndicho Uledi alichoondoka nacho, akamlisha binti yake hicho hicho. Nilimsikiliza akizungumza tukila futari na ilikuwa kama mama yuko chumba cha pili.

10 Machi

Mvua. Aline amelala kutwa.

12 Machi

Leo Aline ameniambia lililomleta. Baba yake, siku za mwisho, alimwomba jambo moja: "Nenda ukamwonyeshe Riziki ile nyota." Nyota yenyewe haina jina la watu, ina herufi na namba tu kama boti za kukodi. Iko chini, upande wa kaskazini, juu ya maji, ukitazama kupita ncha ya rasi ya Ubwari. Inaonekana jioni miezi hii tu. Ikifika kiangazi itakuwa imehamia kwenye milima ya Fizi, na moshi wa pori utaifunika. Inayozunguka nyota hiyo ni dunia ambayo hakuna mtu aliyeijua kabla ya kaka yangu.

Nikamuuliza kama mwakani haitarudi.

"Itarudi," akasema. Kisha akalitazama jicho langu.

Ana tiketi ya kurudi baada ya katikati ya Aprili. Tunahitaji jioni moja tu isiyo na mawingu. Baraka, mwezi wa tatu! Afadhali angeomba theluji.

13 Machi

Mawingu.

14 Machi

Mawingu, radi, paa linavuja juu ya kitanda cha mgeni.

16 Machi

Habari imeenea. Jirani yangu Mama Clarisse, Mkatoliki, ambaye tumegombana na kupatana tangu tukiwa wasichana, amekuja na swali la mtaa mzima, kwa Kiswahili chetu cha hapa.

"We Riziki, ile dunia ya kaka yako, iko na dhahabu?"

"Sijui."

"Kama iko nayo, bachimba dhahabu ba Misisi bako tayari njiani. Na soko iko?"

"Mama Clarisse, kule ni mbali. Mwanga wenyewe unachukua miaka kufika."

"Basi njo maana Uledi alikawia kurudia," akasema. Tukacheka, halafu hatukucheka.

19 Machi

Watu wamepanda kilima nyuma ya soko kutafuta mwezi wa Idi. Zamani walimtuma Uledi. Alikuwa na macho ya mwewe, shehe alimwamini kuliko wazee. Leo mawingu yalifunguka kidogo juu ya milima, na vijana wakapiga kelele, "Ile pale!" Nikatazama walikoonyesha. Niliona mlima. Nilisema alhamdulillahi pamoja na wenzangu.

20 Machi

Idi. Pilau. Mvua imeshuka kwenye pilau.

23 Machi

Umeme wa sola umekwisha mapema, tumekaa na taa ya mafuta. Nikamwomba Aline anifundishe, kwani haiwezekani mtu aonyeshwe nyota ya kaka yake bila kujua kaka alifanya nini.

Akachukua punje ya muhindi, akaipitisha taratibu mbele ya taa. Baba yake anamwita Papa.

"Ile dunia hatuioni, shangazi. Hata Papa hakuiona. Iko mbali mno. Lakini ikipita mbele ya nyota yake, mwanga unapungua kidogo, halafu unarudi. Papa alitazama mwanga mmoja kwa miaka. Ukapungua. Akangoja. Ukapungua tena kwa wakati wake. Hapo akajua kuna kitu."

Kisha akaniuliza jambo ambalo amelibeba muda mrefu. Siku ile baba yake alipohakikisha, alisimama katikati ya wenzake, wazungu watupu, akasema kwa Kiswahili, "Baba ameinama." Alisema mara mbili, akalia. Wenzake wakadhani ni sala. Aline alipomuuliza nyumbani, alisema, "Shangazi yako anajua."

Najua. Nani mwingine angejua?

Baba yetu Salumu alivua kwa taa, wakati ule taa ziwani zilikuwa chache, za pampu, zenye mwanga wa njano. Mama alikuwa akitukalisha mchangani jioni, mimi na Uledi, tuitazame taa ya baba. Zote zilifanana. Lakini Uledi aligundua kwamba baba akivuta wavu alisimama upande wa nchi kavu, mbele ya taa yake. Kila alipoinama kuvuta, mwanga ulipungua. Aliponyooka, ulirudi. Baba hatukumwona kamwe. Tuliuona upungufu wake. Uledi alikuwa akipiga mbio mpaka jikoni: "Mama! Baba ameinama!" Mama akisikia hivyo aliendelea kukoroga sufuria yake. Siku asiposikia, alikuja mwenyewe kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nilipomaliza kusimulia, Aline alikuwa ameiweka ile punje kwenye kiganja na kuifunika, kama mtu aliyekamata mdudu. Akanikumbatia. Ana mabega ya baba yangu.

24 Machi

Mvua. Siilaumu leo.

26 Machi

Nimepanga hitima ya Uledi. Siku ya hitima nitawaalika watu wote, na baada ya kula Aline atawaonyesha nyota. Nimepanga tarehe mbili Aprili, mwezi ukiwa mpevu, kama tunavyopanga shughuli zote. Mbalamwezi ikiwaka ndagala hazifuati taa, wavuvi hubaki nchi kavu, na ndipo Baraka huoa, huozesha na kusoma hitima. Hata mimi niliolewa mwezi mpevu.

28 Machi

Nimenunua mchele na mbuzi. Mama Clarisse ataleta sufuria kubwa za parokia.

2 Aprili

Najiandikia nikiwa na hasira, na herufi zimekuwa kubwa.

Hitima imesomwa vizuri, watu wamekula, shehe ameomba dua ndefu. Na kwa mara ya kwanza tangu Aline aje, hakuna wingu hata moja. Nikasema, Uledi, umetuombea huko. Tukatoka wote mpaka mchangani.

Mwezi ulikuwa juu ya Ubwari, mkubwa kama sinia ya pilau. Ungeweza kuchambua mchele kwa mwanga wake. Nyota zilikuwa chache, zile kubwa tu, na upande wa kaskazini ulikuwa mweupe mtupu. Aline alitazama juu, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, mwezi umeifunika. Ni nyota hafifu."

Kwa nini hakuniambia? Kwa sababu nilimtajia tarehe tu, hakujua kwamba hapa shughuli ni mwezi mpevu, na mawingu yaliuficha mwezi. Na mimi kwa nini sikufikiri? Kwa sababu mazoea hayafikiri.

Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Jafari, mwenye ekipe kadhaa za wavuvi, mwenyekiti wa komite ya wavuvi, akaweka mikono kiunoni akasema, "Mi naona mwezi tu, mama. Ile hata mi naweza kuivumbua."

Wakacheka. Walikula mbuzi wangu na wakacheka. Kijana mmoja akasema profesa alidanganya wazungu, na sasa binti anatudanganya sisi. Aline alijifanya hakusikia, lakini nilimwona akifunga vizuri sana vifungo vya koti lake, mpaka cha juu.

Ningekuwa na mwiko wa mama, leo Jafari angeuonja.

3 Aprili

Anga safi. Mwezi.

5 Aprili

Mwezi.

7 Aprili

Nimekwenda kwa Jafari, nikameza ulimi wangu kwanza. Nikamweleza: giza linarudi katikati ya mwezi huu. Lakini gizani ndipo ninyi nyote mko majini, na taa zenu za siku hizi si zile za njano. Ni za betri, nyeupe, zimejaa ziwa lote hadi ng'ambo ya Ubwari, mwanga wake unapanda mpaka kwenye mawingu. Nyota iko chini juu ya taa hizo hizo. Nikamwomba jioni moja, muda wa mtu kunywa chai, wazime.

Hakufikiri hata kidogo.

"Hapana, Mama Riziki. Samaki haina akili ya kungoja. Ukizima, inaenda. Bantu ba ekipe batakula nini?"

"Muda mfupi tu, Jafari."

"Mi siwezi kuzima taa mu mai, mu ziwa. Omba kingine."

Tumbo limemtangulia na moyo umebaki nyuma. Nimemwambia hivyo hivyo, usoni pake, mbele ya watu wake.

8 Aprili

Mvua. Jicho linauma. Nimesoma mistari ya juu na kuruka miwili bila kujua.

10 Aprili

Kumbe mjinga ni mimi.

Jioni mvua ilipokatika nilishuka mchangani kuanua turubai. Nikamkuta Samira, mke wa Jafari, amesimama na khanga begani, anatazama maji. Nikamsalimu kwa ubaridi. Akaniitikia bila kugeuza uso.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Naangalia kama iko inawaka."

Iddy, mdogo wake Jafari, alipotea majini miaka michache iliyopita. Hilo nalijua, nilipika matangani. Nilichokuwa sijui ni kwamba Samira na mama mkwe walikuwa mahali hapa hapa siku ile. Upepo ulivuma kutoka Kazimia, upande wa kusini, taa zikayumba, moja ikazima. Hawakujua ni ya nani. Akina mama wote walipiga yowe mpaka asubuhi, kila mmoja akimlilia wake.

"Taa ikizima mu mai, huku tunalia," Samira akasema. "Ulimuomba Jafari alize bamama bote ba Baraka, mama. Angekwambia je? Hapendaki kutaja jina ya Iddy."

Nilikaa kwenye mchanga uliolowa. Mimi, binti Salumu, niliyekalishwa hapa na mama kulinda taa ya baba, nilisahau taa ni ya nini. Nilimwona Jafari mroho, kumbe ana jeraha. Ningeweza kumuuliza tu, lakini ulimi wangu haujui kuuliza, unajua kukata.

11 Aprili

Nimekwenda kwa Jafari kumpa pole. Sikuomba kitu. Nilimsimulia habari ya baba kuinama, kwa nini Uledi alilia mbele ya wazungu. Alisikiliza huku akishona wavu, hakuinua kichwa. Nilipofika mlangoni akasema:

"Kama bamama banajua mbele ya taa kuzima, hawatalia."

Nikageuka.

"Uwaambie nyumba kwa nyumba. Yote. Ikibaki moja yenye haijui, sizimi. Na moja itabaki inawaka, yangu. Bamama baone kama tuko."

"Na samaki?"

"Samaki tutagombana nayo kesho."

12 Aprili

Nyumba kwa nyumba. Miguu imevimba. Mama Clarisse amechukua upande wa parokia, mimi upande wa msikiti, Aline anatufuata akibeba maji. Tunawaambia: jioni ya kwanza anga likiwa safi, taa zitazimwa, msilie, ni Jafari atakayezima na kuwasha yake mara tatu kutoa ishara, kisha ataiacha inawaka. Bibi mmoja wa upande wa soko aliuliza nani amekufa. Nikamwambia kaka yangu, mwaka jana. "Basi bazime," akasema.

13 Aprili

Tumemaliza nyumba zote. Mawingu.

14 Aprili

Mawingu.

15 Aprili

Mvua. Aline amekunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja tena.

16 Aprili

Mawingu mpaka chini. Hata Ubwari haionekani. Aline amesema, "Haidhuru, shangazi, nimekuona wewe." Imenidhuru.

17 Aprili

Asubuhi mvua kubwa, halafu upepo ukatoka milimani ukasukuma mawingu yote ziwani, ng'ambo, kwa wenzetu. Magharibi ilipoingia anga lilikuwa limeoshwa.

Sikumwita mtu. Nilipofika mchangani na Aline, akina mama walikuwa wamejaa, Waislamu na Wakristo, wamekaa juu ya khanga, watoto mapajani. Walikuja kuhakikisha kwamba hawahitaji kulia. Samira alinifanyia nafasi.

Mbele yetu ziwa lilikuwa linawaka. Kwa jicho langu, taa hazina mipaka tena, ni mchirizi mmoja mweupe. Tukangoja. Aline alinishika mkono.

Kisha Samira akasema, "Ile, ile yake," na taa moja, mbele zaidi kuliko nyingine, ikazima na kuwaka, ikazima na kuwaka, ikazima na kuwaka.

Zikaanza kwenda. Kwanza za karibu, halafu za katikati, halafu za kule kwenye ncha. Hakuna mama aliyelia. Mmoja alianza kuvuta pumzi na mwenzake akamshika goti. Giza lilitushukia lile la zamani, la taa chache, ambalo sikuwa nimeliona tangu nikiwa na Uledi, na watu wote wakatoa sauti moja, "Ee!", kwa sababu nyota zilikuwa zimejaa mpaka kwenye maji.

"Pale, shangazi," Aline akasema. Alisimama nyuma yangu, akaunyoosha mkono wake juu ya bega langu. "Fuata kidole. Ile ndogo, chini ya zile mbili."

Niliufuata mkono mpaka kwenye kidole. Baada ya kidole palikuwa na ukungu.

Watoto wakaanza kupiga kelele kwamba wameiona. Mama Clarisse akaiona. "Yesu, ni kadogo hivi!" akasema. "Na iko na dunia yake!" Samira akaiona. Yule kijana aliyesema profesa alidanganya alikuwa amempandisha mdogo wake mabegani na kumwonyesha.

"Umeiona?" Aline akaniuliza.

Nilifikiria safari yake yote, koti lake lenye vifungo.

"Nimeiona, mwanangu," nikasema.

Akaweka kichwa chake begani kwangu akalia, na mimi nikatazama mbele, kwa kuwa sikuwa na kwingine kwa kutazama. Ziwani ilibaki taa moja tu, ya Jafari. Taa moja peke yake jicho langu linaiweza. Nikaitazama ilivyotulia.

Ikapungua.

Ikarudi.

Nikadhani ni jicho. Ikapungua tena, taratibu, ikarudi. Jafari hakuwa radhi kuwaachia samaki wote waende. Alikuwa anavuta wavu wake, amesimama upande wetu, mbele ya taa.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwa mama, sauti ambayo sikuwa nayo tangu utoto:

"Baba ameinama!"

Aline aliinua kichwa. Akaitazama taa, ikapungua machoni pake pia. Alinibana mkono mpaka taa zote zikawaka tena.

18 Aprili

Jafari ameleta samaki wachache, mikeke, amewaweka mlangoni. "Hiyo tu njo ilibaki," akasema. "Ilikuwa vizuri?"

Nikamwambia ilikuwa vizuri. Nikamwambia pia kwamba tumbo lake si kubwa kama nilivyosema. Akacheka kwa mara ya kwanza.

19 Aprili

Aline ameondoka. Kiswahili cha mama kimepanda boti pamoja naye. Nyumba ni kubwa.

20 Aprili

Mvua.

24 Aprili

Nasoma kurasa za Machi kwa shida, herufi za leo nimeziandika kubwa na bado zinatetemeka. Daktari atajua maana yake. Najua na mimi.

Jioni nimekaa mchangani na Samira. Taa zote zimewaka. Sizioni moja moja tena, ni mwanga mrefu tu juu ya maji. Lakini ukipungua kidogo, najua kuna mtu anavuta wavu, na ninamwambia Samira.